Kuvua krapi kwa mara ya kwanza: fimbo, mshipi na chambo bandia vya kuanzia

Fimbo yangu ya kwanza Texas ilikuwa ya kumvulia nyangumi. Nimekulia Mwanza, na kwetu samaki anayepimwa ubavu ni sangara, kwa hiyo nilipoingia duka moja la vifaa vya uvuvi hapa Dallas nilichukua kitu kinene, rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) kubwa na mshipi wa pauni 20, yaani unaostahimili uzito huo kabla ya kukatika. Nilimwambia muuzaji nataka samaki wa kula. Hakuuliza samaki gani. Jumamosi tatu mfululizo nilikaa ukingoni mwa ziwa nikiwatazama wazee wenye vifimbo vyembamba kama mabua wakitoa krapi mmoja baada ya mwingine, na mimi sikudonolewa hata mara moja. Jumamosi ya tatu mzee mmoja alinionea huruma, akanishikisha fimbo yake. Niliposikia mkononi jigi yake (ndoano yenye kichwa cha risasi) ikigusa kijiti chini ya maji, kijiti ambacho fimbo yangu isingekisikia hata kingekuwa gogo, nikaelewa nimekosea wapi.

Mwongozo huu ni kwa anayeanza, hasa sisi tunaovua kutoka ukingoni bila boti. Mifano mingi ni ya Texas kwa sababu ndiko niliko, lakini samaki ni yuleyule Kentucky, Tennessee, Ohio au Minnesota. Kinachobadilika ni sheria na hali ya hewa. Jambo moja kabla hatujaanza: jina. Kwa Kiingereza huandikwa crappie, na watu wengi wa kusini mwa Marekani hutamka "kropi", na ukiingia duka la chambo ukatamka hivyo utaeleweka haraka zaidi. Louisiana wanamwita sac-a-lait. Mimi nitaendelea kumwita krapi.

Hatua ya 1: Mjue samaki kwanza

Kuna krapi mweupe na krapi mweusi. Rangi hudanganya, maana dume hugeuka mweusi tii wakati wa kutaga, kwa hiyo hesabu miiba migumu ya pezi la mgongoni. Mweupe ana 5 au 6, mweusi ana 7 au 8. Kwa kuvua, tofauti hiyo si kubwa, na vifaa ni vilevile. Wote ni wa ukoo mmoja na yule bass mwenye mdomo mkubwa aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, hivyo Mkenya aliyewahi kuvua Naivasha ameshakutana na binamu yake.

Mambo mawili ya mwili wake ndiyo yanayoamua ununue nini.

La kwanza ni ukubwa na mdomo. Krapi wengi utakaowapata watakuwa kati ya nusu pauni na pauni moja. Wa pauni 2 unampiga picha na kuwatumia ndugu. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika rekodi za dunia alivuliwa Enid, Mississippi, mwaka 1957, akiwa na pauni 5 na aunsi 3. Mweusi aliyeweka rekodi Tennessee mwaka 2018 alikuwa na pauni 5 na aunsi 7. Yaani hata bingwa wao hafikishi kilo 2 na nusu. Sasa mshipi wa pauni 20 ni wa nini? Na mdomo wake una ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukimvuta kwa nguvu ndoano inachana tundu, tundu linapanuka, na samaki anaondoka zake.

La pili ni macho. Yamekaa juu kichwani, na krapi huwinda akitazama juu. Chambo kikipita nusu mita juu yake atapanda kukifuata. Kikipita nusu mita chini yake, mara nyingi hata hakioni. Kwa hiyo kina ambacho chambo chako kinapita kina uzito kuliko rangi na kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti. Nimeona watu wana masanduku matatu ya chambo cha rangi zote za kanga, na kote wanavulia kina kimoja, mita moja chini ya samaki.

Zaidi ya hapo: anaishi kwa makundi, anapenda kivuli na vitu vilivyozama, kama miti, matawi, nguzo za madaraja na gati, na chakula chake kikuu akishakua ni visamaki vidogo. Maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi husogea kwenye maji mafupi kutaga. Kaskazini mwa Texas hiyo ni Machi na Aprili, kaskazini mwa nchi ni Mei hadi Juni. Huo ndio msimu wa mtu asiye na boti.

Hatua ya 2: Leseni

Usiruke hapa. Mlinzi wa wanyamapori hana haja ya Kiingereza chako kizuri, anataka karatasi. Texas, mkazi aliyekaa miezi 6 mfululizo hulipa karibu dola 30 kwa leseni ya maji baridi, na mwaka wa leseni hiyo ni Septemba 1 hadi Agosti 31. Ukinunua Julai umejinunulia wiki chache tu. Walio chini ya miaka 17 hawahitaji leseni. Jumamosi ya kwanza ya Juni kila mwaka ni siku ya kuvua bure kwa wote.

Lakini ambalo wageni wengi hawalijui ni hili: ukivua kutoka ukingoni ndani ya bustani ya jimbo, leseni haihitajiki kabisa. Unalipa kiingilio cha bustani, unakaa ukingoni, unavua. Kwa wakazi wa Dallas, Cedar Hill State Park iliyo kando ya ziwa Joe Pool ni mahali pazuri pa kujaribu. Idara ya bustani na wanyamapori ya Texas pia ina mpango wa kuazimisha fimbo na rili bure katika baadhi ya bustani na maktaba, kama unavyoazima kitabu. Azima kwanza, nunua baadaye.

Idadi na urefu unaoruhusiwa hutofautiana kwa jimbo, na wakati mwingine kwa ziwa. Kanuni ya jumla ya Texas ni krapi 25 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 10. Soma kanuni za ziwa lako kwenye tovuti ya jimbo usiku kabla ya kwenda.

Hatua ya 3: Fimbo, hapa ndipo pesa iende

Kama una dola 60 za fimbo na rili, nyingi ziende kwenye fimbo. Rili ya kumvutia krapi haifanyi kazi ngumu. Fimbo ndiyo inayokuambia kuna nini chini.

Juu kidogo ya mshikio wa kila fimbo kuna maandishi madogo. Watu huyapita, wewe yasome. Utakuta urefu kwa futi na inchi, halafu herufi za ugumu. UL ni nyepesi kabisa, L ni nyepesi. Hizo mbili ndizo zako. M na MH ziachie wavuvi wa bass na kambare. Kisha kuna uzito wa chambo unaofaa: tafuta fimbo inayoanzia aunsi 1/32 na kuishia karibu 1/4. Mwisho ni uzito wa mshipi, na hapo unataka kitu kama pauni 2 hadi 8. Fimbo ikiandikwa chambo cha aunsi 1/4 hadi 3/4, irudishe, hata kama ina punguzo la nusu bei. Jigi ya gramu 2 haitaipinda fimbo hiyo, na fimbo isiyopinda hairushi mbali.

Urefu: kwa ukingoni ningechukua futi 6 na nusu. Futi 5 na nusu ni rahisi chini ya matawi na kwenye magati yenye watu wengi, ila hairushi mbali. Futi 7 hurusha vizuri, lakini jiulize kama itaingia kwenye gari lako. Zipo pia fimbo ndefu za futi 10 hadi 12 ambazo hurushi nazo chochote, unashusha tu jigi wima kando ya mti uliozama, kama watoto wa kwetu wanavyovua na fito za mianzi. Hizo ni tamu sana, lakini ziwe ununuzi wa pili.

Dukani fanya jaribio hili. Shika fimbo, mwombe mwenzako akamate ncha kwa vidole viwili na kuivuta chini taratibu. Theluthi ya juu ndiyo ipinde kwanza, kisha sehemu ya kati ifuate kwa ulaini. Ikikaa kama mpini wa jembe, iache. Halafu mwambie aguse ncha kwa kucha huku umefumba macho. Ukihisi ule mguso kwenye kiganja, fimbo ina masikio. Za grafaiti husikia zaidi ila huvunjika mlango wa gari ukizibana. Za faibaglasi husikia kidogo lakini hustahimili watoto. Kuna za mchanganyiko, na kwa anayeanza hizo ndizo nazipenda. Ya vipande viwili haina aibu yoyote kama unaishi ghorofa ya tatu.

Hatua ya 4: Rili

Chukua rili ya wazi, ile yenye upinde wa waya unaofunguka, saizi 1000. Kubwa zaidi ya 2000 inafanya fimbo nyepesi iangukie mkiani. Sanduku litajisifu kwa idadi ya gololi zilizomo ndani, usibabaike. Zungusha mkono wa rili: usisikie mikwaruzo. Kisha kaza breki, ile inayoachia mshipi utoke samaki akivuta, nusu na uvute mshipi kwa mkono: utoke kwa mwendo mmoja, bila kukwama na kuruka. Breki inayokwama ndiyo inayochana midomo.

Rili zilizofunikwa zenye kitufe cha kubonyeza ni rahisi kwa mtoto wa miaka 6. Kwa mtu mzima, nusu saa ya kujifunza rili ya wazi inatosha, na hutajuta. Fanya mazoea mamoja tangu siku ya kwanza: ukisharusha, funga upinde wa waya kwa mkono, usizungushe rili ili ujifunge. Mshipi utajisokota kidogo zaidi.

Seti ya fimbo na rili pamoja hupatikana kwa dola 30 hadi 60. Chini ya hapo unanunua kichezeo. Juu ya hapo unalipia vitu ambavyo bado huwezi kuvihisi.

Hatua ya 5: Mshipi

Nailoni ya kawaida ya uzi mmoja, pauni 6. Ukizoea, au ukienda ziwa lenye maji maangavu, shuka hadi pauni 4. Sababu ni mbili. Mshipi mwembamba huacha jigi nyepesi irushike na kuzama bila kuburutwa. Na nailoni huvutika kidogo, kwa hiyo samaki akigeuka ghafla, mshipi unamezea ule mshtuko badala ya mdomo wake. Mshipi wa kusuka hauvutiki. Ni mzuri kwa kuhisi, lakini mikononi mwa anayeanza unachana samaki wengi.

Kuna nailoni ya manjano inayong'aa ambayo mvuvi anaiona vizuri. Watu husema samaki naye ataiona. Kwa uzoefu wangu krapi hajali, na mimi nafaidika: mara nyingi anayechukua jigi inayozama hakuvuti hata kidogo. Unaona tu mshipi umeruka kidogo pembeni au umelegea kabla ya wakati. Usipouona mshipi, huyo umempoteza bila kujua alikuwepo.

Jaza spuli, ile sehemu ya rili inayokunjiwa mshipi, mpaka ibaki milimita 2 au 3 kufika ukingo wake. Ukijaza pungufu hurushi mbali, ukizidisha mizunguko inamwagika. Badilisha mshipi kila msimu, ni dola chache.

Fundo moja linakutosha kwa mwaka wa kwanza. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoano, uzungushe ncha kwenye mshipi wenyewe mara 5, rudisha ncha ipite katika kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha ipite katika kitanzi kikubwa ulichokitengeneza. Lowesha kwa mate, kaza polepole, kata mkia. Usipolowesha, msuguano unaunguza nailoni na fundo litakatika siku ya samaki mkubwa. Na baada ya kila samaki, lisukume fundo likae juu ya tundu ili jigi ining'inie mlalo kama kisamaki kinachoogelea. Ikining'inia kichwa chini inaonekana kitu kilichokufa, na krapi anakichunguza kisha anakiacha.

Hatua ya 6: Chelezo kinachoteleza

Kama ungeniruhusu nikufundishe kitu kimoja tu, kingekuwa hiki. Chelezo cha kawaida, kile kiduara chekundu na cheupe kinachobanwa kwenye mshipi, kinafaa mpaka kina cha mita moja na nusu hivi. Zaidi ya hapo huwezi kurusha, maana mshipi mrefu unaning'inia chini yake. Chelezo kinachoteleza hakina tatizo hilo, kwa sababu mshipi unapita katikati yake.

Mpangilio, kutoka kwenye rili kwenda kwenye ndoano, ni huu: kwanza kizuizi, ambacho ni kifundo kidogo cha uzi au kipande cha mpira kinachobana mshipi lakini kinapita kwenye pete za fimbo na kuingia kwenye rili. Kisha ushanga mmoja. Kisha chelezo chenyewe, chembamba, kirefu kama kidole. Kisha risasi ndogo iliyopasuliwa, ibane kwa koleo karibu sentimita 30 kutoka mwisho. Mwisho funga ndoano au jigi. Ukirusha, chelezo kinakuwa chini karibu na risasi, kikitua majini mshipi unateleza ndani yake mpaka kizuizi kigonge ushanga. Hapo chambo kimesimama kwenye kina ulichokipanga, sentimita kwa sentimita. Unataka kubadili kina? Sogeza kizuizi.

Sawazisha uzito. Chelezo kikikaa juu ya maji chote, samaki anakiburuta na kushtuka. Ongeza risasi moja moja mpaka ibaki inchi moja tu inayoonekana.

Sasa tafuta kina. Anza mita moja chini ya uso, kaa dakika 10 mahali penye matawi au nguzo. Hakuna kitu? Shusha sentimita 30. Tena dakika 10. Endelea hivyo mpaka uguse matawi au upate samaki. Ukimpata mmoja, usiguse kizuizi, wenzake wako hapohapo. Anzia juu kwenda chini, si chini kwenda juu, kwa sababu ya yale macho.

Na uangalie hili, maana linawapita wengi: krapi akichukua chambo kwa kupanda, uzito unaondoka na chelezo hakizami, kinalala ubavu. Kikilala, inua.

Hatua ya 7: Jigi na plastiki zake

Jigi ni ndoano yenye kichwa cha risasi, basi. Ndicho chambo cha krapi kuliko vyote. Nunua vichwa vitupu na plastiki kando, ni rahisi zaidi kuliko vilivyokwisha unganishwa.

Uzito: aunsi 1/16, karibu gramu 1.8, ndio mkate wako wa kila siku. Ongeza pakiti ya 1/32 kwa siku ambazo samaki wamezubaa na chambo kinatakiwa kishuke kama jani. Hii ya pili huiwezi kuirusha kwa upepo, itundike chini ya chelezo. Ya 1/8 ni ya upepo na maji marefu. Nyingine waachie wengine. Ya 1/16 kwenye mshipi wa pauni 6 hushuka takriban futi moja kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu "moja, mbili, tatu, nne" kabla ya kuanza kuvuta, uko karibu futi 4. Kumbuka hesabu iliyokupa samaki, irudie.

Angalia ndoano yenyewe. Unataka ya waya mwembamba. Ikinasa kwenye mti uliozama, na itanasa kila siku kwa sababu huko ndiko samaki waliko, unavuta taratibu mpaka waya unyooke na ukurudie. Unaipinda tena kwa koleo, unaendelea. Ya waya mnene itabaki na mti.

Plastiki ziwe za inchi 2, au chini yake kidogo. Maumbo matatu yanatosha. Tyubu, ambayo ni kama kipweza kidogo chenye vinyuzi nyuma, huzama ikitikisika na ni nzuri chini ya chelezo. Yenye mkia wa kujikunja hufanya kazi ukiivuta tu, hata kama hujui kufanya kingine chochote, kwa hiyo ndiyo ya kumpa mgeni. Ya tatu ni ya umbo la kisamaki chenye mkia mwembamba ulionyooka, kama Baby Shad ya Bobby Garland, ambayo ukiitazama mkononi unadhani imekufa, lakini majini ule mkia hautulii. Mimi ningebaki na moja tu, ningebaki na hii.

Ipitishe ndoano katikati ya pua, itokee mgongoni, plastiki ikae imenyooka. Ikipinda, itazunguka kama feni na kusokota mshipi.

Jigi za manyoya zina uhai hata ukiziacha zimesimama, na ni bora maji yakiwa na ubaridi. Vile vyenye kijibati cha kuzunguka, kama Road Runner na Beetle Spin, huvuta macho kwenye maji ya matope na husaidia kutafuta samaki haraka: rusha, vuta polepole, sogea hatua 5, rusha tena.

Rangi? Nimechelewa kuzitaja makusudi. Chukua tatu. Nyeupe au ya fedha inayopitisha mwanga, kwa maji maangavu, maana inafanana na visamaki anavyokula. Nyeusi yenye mkia wa manjano-kijani, kwa maji ya matope na mawingu, kwa sababu kivuli chake kinaonekana kutoka chini. Na ya waridi au manjano-kijani tupu, kwa siku ambazo mbili za kwanza zimekataliwa. Badilisha kina mara mbili kabla hujabadilisha rangi mara moja. Ziko pia tembe laini zenye harufu, kama Crappie Nibbles, unachomeka moja kwenye ncha ya ndoano. Maji yakiwa baridi sana zinasaidia, samaki huzing'ang'ania sekunde zaidi kabla ya kutema.

Hatua ya 8: Visamaki hai, kwa siku ngumu

Duka la chambo karibu na ziwa litakuuzia visamaki hai kwa dazeni. Ukubwa wa inchi moja na nusu hadi 2, mfano wa dagaa walioshiba. Tumia ndoano nyembamba ya waya namba 4 au 2 chini ya chelezo, ukichoma midomoni kutoka chini kwenda juu, au mgongoni mbele ya pezi bila kugusa uti. Vizuri viwe hai kweli, badilisha kikichoka.

Jimboni Texas ni lazima kumwaga maji yote ya boti na vyombo, pamoja na ndoo ya chambo, kabla ya kuondoka ziwani, ili kuzuia kome wageni wasisambae kutoka ziwa hadi ziwa. Visamaki vilivyobaki usivimwage ziwani pia.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Nenda alfajiri au saa mbili kabla ya jua kuzama. Wakati wa masika tafuta vihori vyenye maji ya futi 2 hadi 6 na vijiti au majani. Kiangazi na majira ya baridi utafute madaraja na magati yenye maji marefu. Usiku, taa inayomulika maji huita wadudu, wadudu huita visamaki, na visamaki huita krapi chini yao. Ukikuta gati lenye taa, usirushe katikati ya mwanga, rusha kwenye mpaka wa mwanga na giza.

Tovuti ya jimbo lako inaweza kuwa na ramani ya mahali walipozamisha matawi, mara nyingi hata miti ya Krismasi iliyotumika, ili samaki wakusanyike. Tafuta yaliyo karibu na ukingo.

Akichukua, usivute fimbo kwa kishindo kama unavyomfanyia sangara. Inua fimbo kwa mkono tu, kama unayeinua kikombe cha chai, kisha zungusha rili kwa mwendo uleule bila kulegeza. Breki iwe legevu kiasi cha kuivuta kwa vidole viwili. Akifika ukingoni, mwingize kwenye wavu wa mkono. Nimepoteza wengi kwa kumnyanyua krapi hewani kwa mshipi, hatua moja tu kutoka kwenye ndoo.

Mpime amefunga mdomo, ukibana mkia. Aliyepungua rudisha kwa mkono ulioloweshwa. Kuna kanuni moja ya kushangaza: kwenye maziwa ya Fork na O' the Pines, mashariki mwa Texas, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari hakuna urefu wa chini, na unatakiwa kubaki na krapi 25 wa kwanza unaowapata, hata wawe wadogo. Sababu ni kwamba majira hayo wanakaa maji marefu, na wakipandishwa juu kibofu chao cha hewa huvimba, kwa hiyo kuwarudisha ni kuwatupa.

Jumla ya vitu vya kununua

Fimbo na rili kwa dola 45. Nailoni ya pauni 6. Pakiti mbili za vichwa vya jigi, 1/16 na 1/32. Pakiti tatu za plastiki. Vyelezo vitatu vinavyoteleza pamoja na vizuizi vyake, pakiti ya risasi, pakiti ya ndoano namba 4. Koleo la ncha nyembamba, kama huna nyumbani. Wavu mdogo. Rula. Ukiwa mwangalifu hutavuka dola 90, na vyote vinaingia kwenye kisanduku cha ukubwa wa kitabu. Sanduku kubwa usinunue mwaka huu. Sanduku kubwa huomba kujazwa.

Na ndoo yenye barafu, maana nyama ya krapi ni nyeupe na laini, joto huiharibu upesi. Usimkate kichwa wala mkia ukiwa bado ziwani, mlinzi lazima aweze kumpima. Nyumbani toa minofu, au kama wewe ni wa kwetu, paa magamba, chanja ubavu, paka chumvi, ndimu na tangawizi, akae nusu saa, kisha mkaange mzima kwenye mafuta ya moto. Mke wangu anasema anafanana na sato mdogo, ila huyu miiba yake ni mingi karibu na tumbo, kwa hiyo watoto wapewe mgongo.